Nyumba Yetu, Mimi na Mwajuma

Siku tuliyomzika Mwajuma, vijana walioingia kubeba jeneza walikwama mlangoni. Walilielekeza huku likagoma, wakaliinamisha kule likagusa fremu, na mimi niliyekuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu nikamsikia mmoja wao akinong'ona, "Sasa mlango mwembamba hivi alijenga nani?" Mwenzake akamwambia anyamaze. Mwisho wakalilaza kidogo upande, likapita, na wanaume waliokuwa wakisubiri uani wakalipokea kwa "La ilaha illallah." Mimi ni Mkatoliki, lakini mazishi ya Waislamu nimeyazoea, na nilijua kwamba hapo ndipo sisi wanawake tunapobaki na nyumba tupu. Wenzangu wakaanza kulia. Mimi nikajifunika khanga usoni, maana nilichokuwa nakizuia kilikuwa kicheko. Mlango ule tulijenga sisi, mimi na marehemu, baada ya kugombana karibu juma zima, na ushindi ulikuwa wangu.

Jioni ndugu zake waliotoka Tabora walikuwa wakiniita "jirani." Salama, binti wa Mwajuma, akawasahihisha kwa upole: "Huyu ni mama mdogo. Nyumba hii ni yao wawili, yeye na mama." Wazee wale wakatazama juu, wakatazama chini, wakazitazama kuta, kama wanaotafuta mstari unaoonyesha nusu yangu inaishia wapi. Sikuwalaumu. Hata sisi wenyewe hatukuwahi kuujua mstari huo, na mwaka tulioinunua nyumba hii watu wa Kahama waliutafuta kuliko wao.

Enzi hizo migodi mikubwa ilikuwa ndiyo kwanza inachangamka, na Kahama ilikuwa ikifura kama unga wa maandazi. Mimi na Mwajuma tulikuwa tukipika kwenye banda karibu na stendi. Yeye alinizidi umri na maarifa. Wali wake ulikuwa unatafutwa na makondakta kabla hawajatafuta abiria. Mimi nilikuwa wa ugali na dagaa. Tulipanga chumba kimoja mtaa wa Majengo, kitanda kimoja, jiko moja la mkaa, na ukuta uliotutenganisha na mama mwenye nyumba ulikuwa mwembamba kiasi kwamba akikohoa tulimwambia pole. Alasiri moja tumejinyoosha baada ya kazi, tukamsikia akiongea na dalali upande wa pili. "Hawa wa vyakula nitawatoa," alisema. "Chumba chote kinanuka vitunguu. Watu wa mgodini wanalipa mwaka mzima kwa mkupuo, hawa kila mwezi ni kubembelezana." Mwajuma alikuwa amelala chali. Bila kugeuza kichwa akaniuliza, "Umesikia kwamba tunanuka vitunguu?" Nikasema nimesikia. Akasema, "Basi tutafute pa kunukia."

Nilidhani ni utani, lakini Mwajuma hakuwa mtu wa kutania alasiri. Tulikuwa tunacheza upatu na akina mama wa stendi, na zamu zetu zilifuatana. Aliwazungukia wote, akawaomba watupe zamu hizo mapema, akaweka rehani neno lake, nao wakakubali kwa sababu neno lake lilikuwa halijawahi kulala nje. Pamoja na vijisenti tulivyokuwa tumevificha kila mtu kwake, tulipata fedha ambazo zisingenunua nyumba nzima mahali popote mjini. Zilinunua pagale. Lilikuwa Malunga, pembeni kabisa, zamani hizo ukishapita hapo unakutana na majaruba ya mpunga. Mzee mmoja alilijenga kwa ajili ya mke mdogo, mke akakataa kuhamia kwa kuwa ni mbali na barabara, na mzee kwa hasira akaliacha. Kuta za tofali za kuchoma zilikuwa zimefika kwenye lenta. Vyumba viwili, ukumbi, na kichaka cha mbarika kilichoota katikati ya ukumbi kama mwenye nyumba halali. Upande mmoja kulikuwa na bati chache zenye kutu, upande mwingine mbingu.

Kwa mwenyekiti wa mtaa, ambako mauziano yaliandikwa, kalamu ilisimama. Mwenyekiti alituangalia mmoja baada ya mwingine. "Mnunuzi ni nani?" Tukasema ni sisi. "Najua ni ninyi. Naandika jina la nani?" Mwajuma akasema yote mawili. "Binti yangu," mwenyekiti akasema, na hakusema kwa ubaya, "ninyi kesho mtaolewa, huyu huku na huyu kule. Nyumba haiwezi kuwa na mabwana wawili." Mwajuma akamjibu kwa adabu zote, mikono magotini: "Haina bwana hata mmoja, mwenyekiti. Andika tu." Mzee muuzaji alicheka hadi akatoa machozi, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichofanya kalamu iendelee. Nilikuwa binti mwoga. Nilitoka pale nikiwa na nusu ya nyumba ambayo nusu yake ilikuwa hewa.

Tulihamia kabla ya paa, tukilala chini ya turubai lililofungwa kwenye zile bati za kutu. Leo wanangu wakiniona nalalamika umeme umekatika hawaamini kwamba niliwahi kuoga nyuma ya magunia. Lakini nikiulizwa chakula kitamu nilichopata kula maishani, sitaji cha harusi yoyote. Nataja michembe tuliyoipika jioni ya kwanza katika ukumbi ule baada ya kung'oa mbarika, viazi vikavu vya kuchemsha na karanga zilizopondwa, tumekaa juu ya tofali, na Mwajuma akinionyesha kwa kijiko mahali pa kila kitu: hapa kabati, hapa meza, pale dirisha lenye kioo. Mimi nilisema dirisha lenye nondo kwanza, kioo baadaye. Tukabishana hadi karanga zikaisha. Ubishi ulikuwa ndiyo namna yetu ya kujenga. Yeye alitaka kitu kikubwa kisichokuwepo, mimi nilitaka kidogo kilichopo, na nyumba ikasimama mahali fulani kati yetu.

Fundi wetu aliitwa Jilala, Msukuma mrefu mpole aliyemwita kila mwanamke "mayu," yaani mama, hata mimi niliyeweza kuwa mtoto wake. Alipiga kenchi za paa vizuri, akaanza kuezeka bati kuukuu tulizonunua, zilizojaa matundu ya misumari ya nyumba ya mtu mwingine, akiziba kila tundu kwa lami na kipande cha gunia. Alipofika nusu, mvua ya kwanza ikanyesha. Asubuhi yake hakuja. Nilimfuata kwake nikamkuta begani ana jembe. "Mayu," akaniambia bila haya yoyote, "mvua ikinyesha mimi siyo fundi. Mimi ni mkulima." Nilimwambia tunalowa. Akanipa pole ya kweli, akanipa na nyundo yake. Basi Mwajuma akavaa suruali chini ya khanga, akapanda juu. Mimi nilimkabidhi bati kutoka chini, huku majirani wamesimama barabarani wakishangaa. Jirani mmoja akapaza sauti, "Mtaanguka!" Mwajuma akamjibu kutoka juu, "Njoo basi utushikie ngazi." Akaja. Siku ya pili akaja na mumewe.

Baada ya paa ndipo ulipokuja ule ugomvi wa mlango. Kulikuwa na ghala la pamba linabomolewa, na mlango wa stoo yake ukawa unauzwa, mbao ngumu, kitasa kizima. Tatizo ni kwamba ulikuwa mwembamba. Mwajuma alitaka tuache uwazi mpana kama ulivyo, tutundike pazia, mpaka tupate mlango wa heshima. Mimi nilikuwa nikiamka kila panya akipita. Nilimwambia heshima haizuii mwizi. Akaniambia siku moja nitanenepa na mlango utanikataa. Nikamwambia nikinenepa nitapita ubavu. Mwisho alichoka, akaniacha nimwite Jilala, aliyekwisha panda mpunga wake, akapunguza uwazi kwa tofali na kuuweka ule mlango. Lakini silingi hatukuwa nayo, na hatukuipata kwa miaka mingi. Kuta za vyumba ziliishia kwenye lenta, juu yake ilikuwa wazi mpaka kwenye bati, na neno lililosemwa katika chumba kimoja lilipanda, likavuka, likashuka katika kingine kama moshi.

Ndivyo nilivyojua habari za Ramadhani. Alikuwa mchimbaji, mtu wa Kigoma, mwembamba, mcheshi, aliyekula kwetu kila alipopita kutoka machimbo ya Geita. Alimpenda Mwajuma kwa njia ya wazi, ya kusafisha sahani mpaka inang'aa. Yeye na wenzake walikuwa na duara, ndivyo wanavyoliita shimo lao la dhahabu, na kila mchimbaji niliyewahi kumlisha alikuwa amebakiza hatua chache kuufikia mwamba. Hakuwa mwongo. Aliamini. Akaanza kuja nyumbani mwisho wa juma, na kabla ya wengine kuona chochote mimi niliona Mwajuma akibandua vipande vya tofali ukutani na kutafuna. Nilimwangalia siku ya kwanza, nikamwangalia ya pili. Ya tatu nikamuuliza, "Unakula upande wako au wangu?" Akacheka, kisha akaanza kulia, nami nikajua tutakuwa watatu.

Jumapili moja mvua ilikuwa nyepesi, nimelala chumbani kwangu, wao wako kwake. Ramadhani akasema kwa sauti ya chini kwamba maji yanaingia dua­rani, wanahitaji pampu na matimba, yale magogo ya kushikilia kuta za shimo, bila hivyo wenzake watampa mtu mwingine nafasi yake. Akaongeza kwamba yuko mtu wa mgodini anaitaka nyumba hii, sasa imeezekwa, atatoa mara mbili ya tuliyotoa. "Siyo yangu peke yangu," Mwajuma akasema. "Si umuulize mwenzako?" "Sitamuuliza." "Kwa nini?" "Kwa sababu atakubali," akasema.

Nimeishi na sentensi hiyo maisha yangu yote. Nilikuwa nimejiandaa kukasirika, nimeshapanga maneno yote ya jinsi nilivyobeba tofali na kuchota maji ya lipu, na kumbe alikuwa ananijua kuliko nilivyojijua. Ningekubali. Angeniomba kwa ajili ya mtoto yule, ningesaini, nikarudi kupanga chumba, nikalia huko peke yangu. Kesho yake nilipofika bandani nikakuta masufuria yake makubwa hayapo. Alikuwa ameyauza, pamoja na jiko lake na baiskeli, akampa Ramadhani fedha na kumwambia hicho ndicho alichoweza kukitoa, nyumba asiitaje tena. Na kwa kuwa hakuwa tena na cha kupikia, mpishi aliyekuwa anatafutwa na makondakta akaanza kuosha vyombo kwenye banda la mwanamke mwingine, tumbo likimtangulia. Jioni nilimwambia, "Jana nilisikia. Ni kweli, ningekubali." Akaendelea kukuna nazi. "Najua," akasema. "Ndiyo maana sikukuuliza. Lete maji."

Habari za machimbo hufika stendi kabla hazijafika mahali pengine. Masika yalipokuwa makali, dereva mmoja alikaa mezani kwangu, akaagiza ugali, akasema upande wa kina Ramadhani duara limetitia na watu wamo ndani. Majina hakuyajua. Nilitamani ukumbi wa stendi usiwe na masikio, lakini Mwajuma alikuwa karo­ni, hatua chache tu kutoka pale, na nikaona mikono yake imesimama ndani ya maji. Kisha akaendelea kuosha. Alimtuma kila mtu aliyekwenda Geita aulizie, na kila aliyerudi alirudi na jina tofauti. Yeye hakulia mbele ya mtu. Alikuwa akirudi nyumbani, anakaa kwenye kizingiti, anakula tofali.

Ramadhani alikuja mchana mmoja wa jua kali, mpunga ukiwa umeanza kupiga manjano. Nilikuwa nachambua mchele ukumbini nikaona kivuli. Hakupiga hodi. Kandambili zake hazikufanana, moja ya bluu na moja ya kahawia, na ngozi ya mikono ilikuwa imechubuka na kupona vibaya. Siku ya ajali yeye alikuwa ametoka shimoni kwenda kuchemsha chai ya wenzake. Wawili hawakutoka. Alibaki huko akiponda mawe kwenye makarasha, mashine za watu za kusagia mwamba, akiona aibu kurudi mikono mitupu kwa mwanamke aliyeuza masufuria. Mwajuma alitoka chumbani, akasimama mkono kiunoni kwa uzito wa tumbo, akamtazama mpaka nikaona mimi ndiye nitakayelia. Kisha akasema, "Mimi nimeshakusamehe tangu nilipodhani umekufa. Lakini mimi ni nusu. Muulize Skola."

Ramadhani akanigeukia. Nilikuwa na ungo mapajani. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza jambo zito kabla ya siku hiyo. Maishani mwangu mambo yalikuwa yakiamuliwa, mimi naambiwa. Niliyafikiria masufuria. Niliyafikiria magoti ya Mwajuma karoni. Nikataka kumwambia aende, na ningekuwa na haki. Halafu nikaona anavyojitahidi kuficha ile kandambili ya bluu nyuma ya ile ya kahawia.

"Choo hatuna," nikasema. "Tunaazima kwa jirani, na mwenzangu kwa hali aliyonayo hawezi kila mara kwenda kugonga mlango wa watu. Wewe kuchimba unajua?"

"Kuchimba najua," akasema.

"Chimba."

Alianza siku hiyohiyo. Nilidhani kwa mtu kama yeye itakuwa kama kumenya ndizi, lakini shimo lilipofika kifuani pake alisimama, akashika ukingo kwa mikono yote miwili, na jasho lililomtoka halikuwa la kazi. Nilikuwa napita na ndoo. Mwajuma alikuwa kazini, hakuona, na sidhani kama Ramadhani aliwahi kumwambia. "Skola," akasema bila kuniangalia, "kaa hapo juu kidogo. Ongea." Nikamuuliza niongee nini. "Chochote. Nisikie tu kuna mtu juu." Basi nikaweka ndoo chini, nikakaa ukingoni, nikaongea. Nilimwambia habari za Jilala na jembe lake, jirani aliyeshika ngazi, bei ya dagaa, ugomvi wa mlango. Nikinyamaza, sururu ilinyamaza. Nikiendelea, nayo ikaendelea. Kwa siku zote alizochimba, kabla ya kwenda stendi na baada ya kurudi, nilikaa pale nikimporojea mtu ambaye nilikuwa nimejiapiza kumchukia, mpaka nikaishiwa na hadithi na kuanza kumsimulia mambo yangu mwenyewe, ambayo hata Mwajuma sikuwa nimemwambia. Lilikuwa shimo refu kuliko choo chochote mtaani, limeshikiliwa kwa magogo kama duara la kweli, na watu walikuja kulichungulia. Siku ya mwisho alitoka na jiwe jeupe mkononi, akalilowesha kwa mate, akaligeuza juani, mara akakumbuka alipo. Mwajuma alikuwa amesimama pale. Alicheka, na Ramadhani akacheka, akalitupa kichakani.

Salama alizaliwa mpunga ukivunwa. Ramadhani alimuoa Mwajuma kwa ndoa ndogo ya ukumbini, shehe amekaa juu ya debe lililogeuzwa, na mimi nikapika wali, ambao Mwajuma alisema haujaiva katikati. Ramadhani hakurudi Geita. Akawa mchimba visima na vyoo, na mji ulivyokua hakukosa kazi. Mimi niliolewa baadaye, nikahamia Kagongwa, nikapata wanangu. Chumba changu Malunga Mwajuma hakukipangisha wala hakukigawa, na kila nilipogombana na mume wangu nilikuwa na mahali pa kwenda kukasirikia. Mume wangu alijua hivyo. Naamini kiliisaidia ndoa yetu kuliko semina zote za kanisani. Nimewahi kukutana na wanawake wenye elimu na mali waliovumilia mambo mazito kwa kuwa hawakuwa na mlango mwingine wa kufungua. Mimi nilikuwa nao.

Wageni walipoondoka baada ya matanga, Salama alikuja kunichukua. Anataka kuirekebisha nyumba yetu kwa ajili ya baba yake, mzee akiwa bado ana nguvu za kuifurahia. Sakafu ya saruji imepasuka, anataka marumaru. Tukaenda duka la vifaa vya ujenzi, binti wa dukani akatupangia vipande sakafuni, vya kahawia, vya kijivu, vyeupe, vyenye maua. Salama akasema, "Chagua wewe, mama mdogo. Nyumba ni yako." Nikaviangalia kwa muda. Nikanyoosha kidole. "Vyeupe," nikasema, ingawa kila mtu aliyewahi kupiga deki anajua kwamba cheupe kinaonyesha kila tone la mchuzi na kila unyayo, na kwa watu wanaotoka kwenye vumbi la Kahama ni wazimu mtupu. Salama akasema, "Vyeupe ni vizuri. Sawa." Binti wa dukani akaanza kuandika risiti. Nikabaki nimesimama, kidole bado kimenyooka, nikisubiri mtu aniambie nimekosea.